Mzuka Aliyekuja Kula

Pi-lien alikuwa mtu wa kuuliza. Pale kwenye kibanda chake cha supu ya tambi, karibu na bandari ya Keelung, Taiwan, wateja walijua kwamba bakuli likishawekwa mezani swali nalo liko njiani: kovu hilo ulilipataje, mke wako mlikutana wapi, kwa nini mabaharia wa meli ile hawali nguruwe. Hakuwa mbea. Alichoambiwa alikaa nacho. Hata figo zilipomshinda, daktari akamwambia kibanda sasa basi, jambo la kwanza alilotaka kujua ni kama damu ikishasafishwa na mashine inarudi mwilini ikiwa ya moto au ya baridi.

Akaanza kwenda kliniki. Unalazwa kwenye kiti, mkono umechomwa sindano, asubuhi nzima inakupita hapo, na nje mvua ya Keelung haina habari ya kukatika. Ukutani palikuwa na televisheni moja ya wote. Rimoti ilishikwa na muuguzi Shu-ting, aliyegawa vipindi kama anavyogawa dawa, kila mtu kidogo: vichekesho vya zamani vya kambi za jeshi, ambavyo watu walikwisha kuvikariri, halafu filamu ya mizuka, halafu wale mashujaa wa Kijapani wenye kofia za kung'aa.

Kila mgonjwa alikuwa na lake la kusema. Bibi Liao, wa kiti cha dirishani, alishikilia kwamba vichekesho vya siku hizi havichekeshi kwa sababu watu wanaongea tu, hakuna anayeanguka. Pi-lien mwenyewe alipenda mizuka, hasa ile ya zamani, ambayo aliiona ina adabu: inakuja na shida yake, ukiitatua inaondoka. Lakini Mzee Kang, dereva mstaafu wa basi aliyelala kiti cha jirani yake, maoni yake hayakufanana na ya mtu yeyote.

"Hiyo ngumu," alisema siku moja, kuruta alipoteleza kwenye kichekesho na chumba kizima kikacheka. Yeye alikunja uso kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Ngumu kwa nani?" Pi-lien akauliza.

"Ndoo, sabuni, sajenti, mlango. Vyote kwa mpigo mmoja. Wewe ukifika kwenye sabuni, wenzako wameshamaliza kucheka."

Mashujaa wa kofia aliwasifu. "Hawa hawana usumbufu. Kabla hajapiga anataja jina la pigo. Teke la Radi. Ngumi ya Moto. Unapumzika zako." Filamu za mizuka alizichambua kwa muziki tu. "Huu unawahi mno. Unamwambia kabla sijamwambia."

"Unamwambia nani, Mzee Kang?"

"Dada, wewe ungekuwa polisi."

"Polisi wanalipwa. Mimi nauliza bure."

Akageukia televisheni, na Pi-lien akamwacha. Wiki ikaisha. Siku moja, umeme ulipokatika kidogo, mashine zikashikiliwa na betri na televisheni ikazimika, ndipo mzee akasema mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye kioo cheusi. Mke wake, Yueh-o, alipofuka kwa maradhi wakiwa bado wana ndoa changa. Alikuwa mpenzi wa sinema kupita kiasi. Mwanzoni Kang alimpeleka ukumbini na kumnong'oneza kila kinachotokea, mpaka watu wa viti vya mbele wakawa wanageuka na kuwazomea. Wakahamia kwenye televisheni ya nyumbani. Jioni baada ya jioni, akitoka kuendesha basi, alioga, akala, akakaa kumsimulia mkewe. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao mpaka Yueh-o alipofariki.

"Nisimulie na mimi moja," Pi-lien akasema.

"Wewe una macho."

"Nitayafumba."

"Hapana, dada."

Lakini filamu ya mizuka iliyofuata ilipoanza, Pi-lien hakuomba ruhusa. Alifumba macho, akamgeuzia uso. Kwa muda alisikia mashine tu zikizunguka. Halafu sauti ya mzee ikaja, ya chini, haina pupa.

"Mwanamke. Yuko nje ya mlango. Nywele zimelowa, na mvua haijanyesha. Hagongi. Anaweka kiganja kwenye ubao, kama anayepima joto la mtoto."

Pi-lien akazidi kubana macho.

"Ameingia. Amepita sebuleni, yuko jikoni. Anafunua sufuria. Anaonja. Chumvi imezidi. Anaongeza maji."

Hapo kwenye televisheni kikasikika kilio cha mtu anayeuawa. Pi-lien akafumbua jicho moja. Mzuka alikuwa kwenye ngazi, amemkaba mwanamume koo, damu inachuruzika. Jiko halikuonekana popote.

"Mzee Kang. Hilo jiko liko wapi?"

"Umesema utafumba."

"Unanidanganya."

"Nakudanganya," akakubali, masikio yamemwiva kwa haya. "Yueh-o alikuwa anashinda peke yake, mimi niko barabarani. Nimwachie mtu wa kunyonga watu kwenye ngazi? Na sisi tulikuwa tunakaa ghorofani, ngazi hizo hizo. Kwa hiyo mizuka yangu mimi ilikuwa inakuja kula."

"Na hakujua?"

"Siku moja dada yake alikuja, akatazama na sisi. Mimi huyo, nasimulia. Dada yake akasema, shemeji, unaona nini wewe? Nikajua leo nimepatikana. Yueh-o akamwambia, 'Hebu nyamaza, mimi najua siku nyingi. Mtu gani anapiga mayowe vile kwa ajili ya supu?'"

Pi-lien alicheka mpaka mashine yake ikaanza kupiga kelele. Shu-ting akaja mbio. "Shangazi, mkono utulie, sindano itachomoka." Pi-lien akautuliza mkono, lakini tumbo likaendelea kutikisika kwa kicheko.

Nyumbani jioni ile, akimenya vitunguu, akagundua kuna swali hakuliuliza. Hakuona vizuri kulibeba mpaka likaoza. Siku yao ya kliniki ilipofika, akawa wa kwanza mlangoni.

"Na wewe," alimwambia Mzee Kang kabla hajalala sawasawa, "nani aliwahi kukusimulia?"

"Mimi? Mimi naona."

"Fumba macho."

"Dada, tuna umri gani sisi?"

"Fumba."

Mzee akatazama huku na huku, akamkuta Bibi Liao anamkodolea, akaona bora afumbe. Mashujaa wa kofia walikuwa wanaanza.

"Kuna mtu mwekundu," Pi-lien akasema.

"Mwekundu nini? Uso au nguo?"

"Nguo. Ngoja. Sasa anakimbia. Kuna lingine, dude, kama kaa. Ah, limeshapita."

"Unachelewa."

"Naona unachelewa na wewe kunyamaza." Jasho lilikuwa linamtoka. Hakujua kama kuona ni kazi nzito kiasi kile. Kila alipokamata kitu, vingine vilikuwa vimeshaondoka. Akaacha kukimbizana na mapigo, akalitazama lile dude peke yake. "Lina zipu mgongoni," akasema.

"Nani?"

"Kaa. Mtu aliye ndani hakuifunga vizuri. Fulana yake inaonekana, nyeupe."

Mzee Kang akacheka. Tangu Pi-lien amjue, hakuwahi kumsikia akicheka, na kumbe kicheko chake kilikuwa chembamba, cha kupanda.

"Kweli hiyo, au unanidanganya?"

"Fumbua uone."

Hakufumbua. Alijilaza vizuri, akavuta blanketi kwa mkono usio na sindano.

"Hiyo fulana," akauliza, "nzima au imechanika?"