Miche ya Thacienne na Jiwe la Angani

Mama Thacienne alikuwa na kitalu cha mikaratusi kando ya kijito, pale kijijini Kibabi. Marehemu mume wake alikianzisha, na miche hiyo ndiyo iliyosomesha binti zao. Mkaratusi hautaki papara: ukipanda leo, mbao utazikata baada ya miaka saba au minane. Wateja wake walikuwa watu waliozoea kungoja.

Kisha redio ikatangaza kwamba jiwe kubwa limeonekana angani, na huenda likagonga dunia baada ya miaka saba. Habari ilipofika sokoni, lile neno "huenda" lilikuwa limekwisha kupotea njiani.

Kanyamibwa, jirani aliyeagiza miche ya kilima kizima, alikuja kuvunja agizo.

"Mama, miye sipandi tena. Miti ikikomaa, njo jiwe inafika. Nitakatia nani mbao?"

"Kaka, si ulipanda hata wakati wa vita?"

"Vita, muntu anakimbia, anarudi. Jiwe, tutakimbilia wapi?"

Wateja wengine nao wakakatika. Miche ikarefuka, mizizi ikatoboa viriba, ile mifuko ya plastiki iliyooteshewa.

Akaenda mjini Masisi kumwona Damien, mtangazaji aliyesoma habari ile.

"Papa Damien, niambie kweli. Iko inakuya ao haikuyi?"

Damien hakumcheka. "Mama, hata walioiona hawajajua. Ukiona muntu kilimani, mbali, amepiga hatua mbili tu, utajua anaenda Kibabi ao Kalembe?"

"Hapana."

"Njo vile. Sasa wamewaambia wenzao wenye darubini kubwa katika inchi zingine. Kila kituo kinaitafuta ile jiwe, kinapima imefika wapi, kinatuma hesabu. Wakiona hatua nyingi, njia itajulikana."

Thacienne alirudi na moyo mwepesi kidogo. Lakini wiki iliyofuata redio ikasema hatari imeongezeka. Akampigia Damien simu.

"Wanapima, na hatari inapanda?"

"Njia walizodhania zimepungua, Mama, na ile inayogonga dunia ingali kati ya zile zilizobaki. Njo sababu hesabu imepanda. Wakipima tena, inaweza kushuka mara moja."

"Na isiposhuka?"

Damien akasema, "Hapo sijui, Mama."

Thacienne aliketi kitaluni akalia. Alipomaliza, alimwita Bibiche, binti yake mdogo, wakachukua majembe, wakaanza kuhamishia miche kwenye shamba lao la maharagwe.

"Mama, unaamini jiwe haitakuya?" Bibiche aliuliza.

"Sijue. Lakini hii miti iko inakufa sasa."

Walikuwa bado wanachimba mashimo Damien alipotangaza katika redio waliyoiweka kando ya shamba, maneno yakimtoka mbiombio: vituo vya mabara mbalimbali vimelipima jiwe tena na tena, na sasa njia yake imejulikana. Litapita mbali na dunia. Bibiche alipiga vigelegele. Thacienne alikaa chini kwenye udongo.

Kesho yake Kanyamibwa alikuja kutafuta miche. Iliyobaki kitaluni ilikuwa imepinda, haifai tena kupandwa.

"Nilikuogopesha bure," alisema.

"Hata miye niliogopa, kaka. Ngoja ile nitakayootesha."

Msimu ule Thacienne hakuvuna maharagwe. Shamba lilikuwa limeshikwa na miti. Béata, mke wa Kanyamibwa, alipojua, alimletea kikapu kilichojaa maharagwe, naye akakipokea kwa mikono miwili.