Fundi wa Sauti Akijaribu Maiki

Fundi wetu wa mitambo ya sauti melini ana mikono ya mkunga na mdomo usio na breki. Kila spika ameifunga mikanda, bahari ikichafuka isije ikamwangukia abiria. Hata kikombe chake cha chai amekibandika mezani kwa selotepu. Sisi wapiga muziki anatuita "kelele." Mafundi wengine hujaribu maiki kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Yeye humgombeza mkewe aliyeko nyumbani. "Mama watoto, leo sifui! Nimeshasema! Mwenye nyumba ni mimi!" Hurudia huku akipandisha sauti kidogo kidogo, mpaka hiyo "mimi" itikise viti vya nyuma, ndipo aseme maiki iko sawa. Juzi meli ilifunga gati kwetu, familia zikaruhusiwa kupanda. Mama watoto akaketi safu ya mwisho, mkoba mapajani. Fundi akashika maiki, akakohoa. "Moja," akanong'ona. "Mbili." Tatu hata mimi niliyesimama ubavuni kwake sikuisikia. Mkewe akainuka, na bila maiki wala spika, ukumbi mzima ukamsikia: "Baba watoto, huku nyuma hatusikii kitu!"