Alama Kwenye Mlango wa Seremala

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Soni, napakia karoti. Dereva wangu alisema tu, kwa lile neno tunaloitana wanaume wa huku milimani, "Mgosi, yule seremala wako kafariki. Kifua." Wako, alisema, ingawa hatukuwa ndugu na siku nyingi tulikuwa tukibishana. Nilimaliza kupakia, maana karoti hazisubiri msiba, kisha nikapanda kwenye fuso, nikakaa peke yangu na simu mkononi nikitafuta mtu wa kumwambia. Nikagundua kwamba mtu niliyezoea kumpigia kwa mambo ya namna hiyo ni yeye.

Wasomaji wangu mnanijua, sifichi nilichopata. Shule niliachia darasa la nne, nikabeba kabichi kichwani kutoka mashamba ya juu. Leo nina mafuso yangu mwenyewe, na wenye digrii wanasoma safu hii wakinywa chai. Wanangu wote wamechanjwa, na nilikuwa nikilitangaza hilo kama mtu anayetaja mashamba yake. Seremala alikuwa na binti mmoja wa uzeeni, na huyo hakuchanjwa. Miaka mingi nyuma mtoto wake wa kwanza alichomwa sindano asubuhi, jioni akashikwa na homa, kesho yake akafa. Ilikuwa homa gani, hakuna aliyekaa chini kumweleza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu walimtumia video za kwamba chanjo zinaua kizazi, akazifuta. Wengine walisema redioni kwamba mzazi anayekataa ashitakiwe, akaizima redio. Hakuwa wa huku wala wa kule. Alichokuwa nacho ni kaburi dogo nyuma ya migomba.

Sasa, mnajua wachanjaji wa matone ya polio wanavyopita nyumba kwa nyumba. Wakimaliza huandika mlangoni kwa chaki: vema kama watoto wamepata, mkasi kama hawakupata. Mlango wa seremala aliuchonga mwenyewe, na hakuna mzuri kama huo kuanzia pale hadi Mponde, lakini ulipigwa mkasi na wala hakuufuta. Nikamfuata karakanani kumsema mbele ya wateja.

"Mgosi, mtoto ni wa nani?" akaniuliza, randa mkononi.

"Wako."

"Na mlango?"

"Wako. Ila polio haipigi hodi, hata mlango uwe mzuri vipi."

"Hayo umeyasoma wapi? Darasa la nne?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ingawa iliniuma.

Kesho yake muuguzi alirudi kwenye nyumba zenye mkasi. Nilikuwepo, nimekwenda kuendeleza ubishi. Dada yule alisema shikamoo, akaweka kisanduku chake cha barafu chini bila kukifungua, akauliza yule wa kwanza alikuwaje. Seremala akasimulia yote, pole pole, mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia.

"Pole sana, baba," muuguzi akasema. "Sikuwepo, na sitakudanganya kwamba nakijua kilichomuua. Ninachokijua ni haya matone. Karibu wote hawapati shida yoyote. Ukiona kitu kinakutia shaka, nipigie, nitapanda."

Seremala akamtazama bintiye. "Safari ile walichoma wakaondoka," akasema. "Tukabaki na mama yake na mtoto, basi. Leo nani atakaa?"

Muuguzi alikuwa na nyumba nyingine hadi kule ukingoni mwa kijiji. Akanitazama. Fuso langu lilikuwa chini barabarani limejaa kabichi. Nikampigia dereva nikamwambia aende bila mimi.

Mtoto akafungua mdomo, akapata matone yake, akakunja uso. Muuguzi akafuta mkasi mlangoni, akaandika vema, akaendelea na nyumba zake. Tukakaa kwenye benchi nje ya mlango, mzee akimwita mara kwa mara amguse kipaji cha uso. "Anakimbiza kuku," nikamwambia. "Mgonjwa gani huyo?"

"Nyamaza, mgosi."

Tulikaa hadi jua likaenda nyuma ya mlima na ukungu ukashuka. Mtoto akaomba ugali. Ndipo mzee akashusha pumzi, akaniruhusu niondoke.

Wiki iliyofuata nilimkuta na patasi, akiifuatisha ile alama ya vema, akiichonga ndani ya mbao. Nikamwambia anaharibu mlango. "Chaki itaondoka na mvua," akasema. "Wakija tena wataandika ya kwao. Hii ni ya siku uliyokaa."

Mimi bado nasema, na nasema kwa sauti: mpeleke mwanao akachanjwe. Mzazi ana haki ya kuuliza mpaka aridhike, lakini ugonjwa hausubiri ubishi wetu uishe. Ila yule anayekataa, kabla hujamwita mjinga, muulize amezika nani. Kisha uwe na nafasi ya kukaa. Maneno nilimpa mengi, na mnajua nayaweza. Yaliyomgeuza hayakuwa yangu. Changu kilikuwa kile kikao.

Tulipomzika, binti yake, ambaye sasa anasoma, alisimama mlangoni akipitisha kidole kwenye ile alama. Waombolezaji walipotawanyika nilikaa kwenye benchi letu, upande wangu uleule, hadi jua likaenda nyuma ya mlima. Niliongea kidogo, kama kawaida yangu. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.