Robota Lililokataa Kufunguka

Mimi kukaa sijui. Hata kanisani naketi benchi la mwisho, nikitaka kutoka nisimkanyage mtu. Basi wiki ile binti yangu alipokwama na kompyuta yake pale Somanda, nilikuwa naingia dukani kwake natoka, naingia natoka, mpaka vijana wa bodaboda wakaniuliza, "Mzee, umekalia siafu?"

Binti anadarizi nembo za masweta ya shule. Mashine yake ya kudarizi ni kuukuu, na inaisikiliza kompyuta moja tu, kuukuu mwenzake, ya skrini nyeusi na maandishi meupe. Ukiipa kompyuta mpya inanyamaza kama mkwe. Safari hii alipata kazi ya sekondari moja, nembo kubwa, ina ng'ombe, ina pamba, ina maneno mengi chini. Akaniambia, "Baba, hii ikinishinda nauza vyote, nakwenda Dar kwa dada." Dada yake anasuka nywele huko. Watoto wangu wengine wote walishaondoka. Huyu ndiye aliyebaki. Ndiyo maana sikukaa.

Shida ilianza hivi. Nembo ile ilikuwa kubwa, kompyuta ikasema nafasi haitoshi. Binti akahamisha vijiprogramu vidogo vyote vilivyokaa chini kwenye kumbukumbu ya kompyuta, akavisukuma juu, chini kukabaki kweupe. Akafurahi. Akaita programu ya kudarizi. Skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba faili lililofungwa limeharibika.

"Limeoza?" nikamuuliza.

"Jana lilikuwa zima, Baba."

"Hata maziwa jana yalikuwa mazima."

Hakucheka. Akatoa diski, akapuliza, akarudisha. Maneno yaleyale. Akaleta diski ya akiba. Yaleyale. Nikatoka nje, nikarudi.

Mimi shule niliishia la nne, na la nne lenyewe ng'ombe walinitoa kabla halijaisha, kwa hiyo naandika nilivyoelewa. Programu ikiwa kwenye diski imelala. Ukiiita, mfumo wa kompyuta unatafuta palipo wazi, unaiweka hapo. Sasa programu yenyewe iliandikwa kana kwamba itakaa mwanzo kabisa, na ndani yake kuna maelekezo: nenda mahali fulani, chukua kitu fulani. Ikiwekwa pengine maelekezo yanapotosha. Basi kichwani mwa faili pameorodheshwa maelekezo yote ya namna hiyo, na mfumo unapita moja baada ya jingine, unaongeza ule umbali ambao programu imesogea. Nilipohama Mkula kuja huku na mama yao, marehemu, tulifanya vilevile. Kwamba zizi liko nyuma ya nyumba, hilo halikubadilika. Lakini kila aliyezoea kuambiwa "pita kanisani ushuke mtoni" ilibidi aelekezwe upya, na shemeji yangu mmoja hatukumfikia, alikwenda na mbuzi wake mpaka kwenye boma tupu. Alinuna mwaka mzima. Mbuzi tulimla baadaye.

Jioni binti akampigia fundi wa Mwanza aliyemuuzia ile kompyuta. Akaweka sauti ya nje ili nisikie, labda nitulie.

"Dada," fundi akasema, "umegusa nini?"

"Nimehamisha vya chini vyote juu. Nilitaka nafasi."

Yule mtu akacheka mpaka akakohoa. "Umefagia mno. Programu yako imeshindiliwa kama robota la pamba. Ikishawekwa, inajifungua yenyewe; ndani yake kuna kama mtu wa kulifungua, naye huanza kwa kurudi nyuma. Zamani hakukuwa na shida, chini palijaa, robota lilikaa mbali. Sasa umeliweka mlangoni. Anarudi nyuma anatokea nje, anapapasa, hakuti pamba, anasema imeoza."

"Kwa hiyo halijaoza?"

"Wala. Jaza tena pale chini, hata kwa hewa tu. Iko amri ya kufanya hivyo."

Akamtajia. Binti akaandika amri, akaruka nafasi moja, akaandika jina la programu. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa. Skrini ikatulia, halafu orodha ya nembo ikatokea, na kwa sababu vile vidogo bado vilikuwa juu, nembo kubwa nayo ikaingia nzima. Sindano ikaanza kupiga. Ng'ombe alianza kutokea kwa miguu ya nyuma.

"Mwanangu," nikasema, "kwa hiyo Dar?"

"Usiniulize sindano ikiwa inakwenda, Baba. Niulize masweta yakiisha."

Nikakaa kidogo. Nikaona masweta yanaisha haraka kuliko nilivyopenda. Asubuhi nikapanda basi la Dutwa, nembo moja mfukoni, nikaanza kubisha kwa walimu wakuu, shule baada ya shule, kuwauliza watoto wao wanavaa nini kipindi cha baridi.