Ufagio wa Mama Safarini

Watu husema tembea uone, na wanaposema hivyo wanawaza milima na mbuga za wanyama. Safari zangu mimi ni za barabara moja tu, Arua kwenda Koboko na kurudi, na mnyama niliyemwona ni mbuzi aliyelala kwenye lami akamgomea dereva. Lakini nikikutana na mtu anayejisifu kwamba hatoki mjini kwake, eti simu inamtosha, damu inanichemka. Simu! Simu ilinidanganya mwaka mzima huku nimeishika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nauza vitenge sokoni Arua. Mama anaishi peke yake Koboko, upande wa kwenda Midia, katika nyumba aliyojenga na marehemu baba. Kila jioni nilimpigia, na kila jioni jibu lilikuwa lile lile: "Mimi iko muzima, mwanangu. Wewe uza nguo." Tena mara kwa mara dereva wa taksi aliniletea tabaga, kile kifuniko cha kusukwa ambacho sisi Wanubi tunafunikia chakula. Mama alizisuka mwenyewe, na rangi zilikaa mahali pake, nyekundu, nyeusi, zambarau. Nikajiambia, mwanamke anayesuka hivi ana shida gani? Nikaendelea kupima vitambaa.

Siku moja nikaenda bila kutoa habari, nimfanyie mzaha tu. Nilifika mchana, jua la utosini, nikasimama mlangoni natabasamu bila kusema neno. Mama alikuwa amekaa mkekani, vidole vinasuka. Akainua uso, akanielekea sawasawa.

"Nani iko pale?" akauliza. "Kama ni mutu ya makaa, leo sitaki."

Nilishikwa na ubaridi kwenye jua lile. Nilipoita "Mama!" akashtuka, akaanza kucheka, akasema mwanga ulimpiga machoni. Mwanga gani, na mimi mwenyewe nimeuziba mlango? Ndipo jirani yake akaingia na vitita vya nyuzi. Ni mama wa Kikakwa, mkulima wa mihogo, mtu mpole kabisa. Alikuwa anamkabidhi Mama nyuzi moja moja, hii nyekundu, hii nyeusi, na kazi iliyobaki vidole vya Mama vilikuwa vinaijua.

"Na wewe ukanyamaza!" nikamfokea.

"Aliniapisha," akasema. "Mama mzima akikuapisha, utafanya nini?"

Nilisema maneno ambayo mwanamke hasemi kwa jirani, mpaka Mama akanikemea. Mchana ule ule nikampeleka kwenye kliniki ya pale mjini. Wakammulika, wakanong'onezana, wakaniambia ni presha ya macho, nimpeleke hospitali Arua upesi. Jicho la kushoto lilikuwa karibu kuzimika. La kulia lingeweza kuokolewa, lakini ugonjwa huu haungoji mtu.

Hapo sina budi kueleza habari ya ufagio. Kwetu mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia, unamfagia na yeye. Wengi hufuata hivyo kwa mazoea tu. Kwa Mama si mazoea. Serikali ya zamani ile ilipoanguka, vita vikafika na watu wa kwetu West Nile wakakimbia, yeye alikuwa bibi harusi mchanga. Mama mkwe wake aliona haya kuacha nyumba chafu, wageni wasije wakamsema. Akafagia vyumba, akafagia uwanja, ndipo wakashika njia ya Sudan na mikeka kichwani. Walidhani wangerudi baada ya siku chache. Mimi nilizaliwa huko. Yule mama mkwe alizikwa huko. Kwa Mama, neno safari lina maana hiyo, na amebaki akiamini ni ufagio uliowafungia njia.

Basi, asubuhi yetu ya kwenda Arua, Mama alikuwa tayari. Alikuwa amevaa gurbaba yake ya sikukuu, ile nguo ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, na bahasha ya kliniki iko kwapani. Tunangoja taksi, tukasikia uwanjani: chwa, chwa, chwa. Jirani, kwa wema wake, na labda kwa yale matusi yangu, alikuwa anatufagilia tuondoke mahali safi.

Mama akakaa chini.

"Mimi hapana enda."

Nilibembeleza. Nilipandisha sauti. "Utapofuka kwa sababu ya ufagio?"

"Heri nipofuke kwangu," akasema, na akaanza kufungua kitambaa cha kichwa. Taksi ikapiga honi, ikachoka, ikaondoka. Nikakaa kizingitini nikalia kwa hasira, wallahi, ningeweza kuuvunja ule ufagio kwa meno. Jirani alisimama nao mkononi, maskini, hajui auweke wapi.

Kumbeba kwa nguvu sikuweza. Nikaona njia moja tu, anione nikienda na kurudi, mpaka neno safari lipoteze sumu yake. Nikaanza kufunga kibanda changu kila wiki. Wateja wakalalamika, wenzangu sokoni wakanicheka, "Mtembezi hula miguu yake!" Nikawajibu waache nile, miguu ni yangu. Nilipita Manibe, pale njiani, asubuhi nikiwa na wasiwasi, nikapita tena kesho yake nikiwa na wasiwasi ule ule. Na kila nilipoondoka Koboko, Mama aliacha vumbi litande mpaka nimpigie kwamba nimefika.

Niseme ukweli, katika kwenda huko nilipata mama ambaye sikuwa naye. Kwenye simu alikuwa sauti yenye salamu. Mkekani alikuwa mtu. Nikajua anaogopa radi. Nikajua kwamba huko Sudan aliwahi kuzika mtoto kabla yangu, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina lake. Nilifurahi kujua, na moyo uliniuma, kwa sababu kila wiki tuliyokuwa tunazungumza jicho lilikuwa linakwenda.

Mvua zilipokuwa zinaisha, akaniuliza, "Wewe hauchoki na hii barabara?"

"Nachoka, Mama."

"Na bado unarudi."

"Narudi."

Akaiweka chini tabaga aliyokuwa anasuka. "Basi tutaenda. Lakini ufagio nitaenda nao mimi."

Akaenda nao kweli! Aliuweka magotini njia nzima, abiria wakitazamana, na hospitalini nesi alipotaka kuuweka pembeni alimpiga jicho baya kwa kilichobaki cha macho yake. Daktari alimpima kwa muda mrefu. Jicho la kushoto limekwisha, akasema. La kulia tulishike kwa dawa ya matone, na aje kila mwezi bila kukosa. Nikauliza kama zile wiki tulizochelewa ndizo zilizolimaliza. Akasema hawezi kujua. Mpaka leo jibu hilo linaniamsha.

Tuliporudi Koboko, Mama alivua viatu mlangoni, akapapasa vumbi kwa nyayo, vumbi lake lile lile. "Kumbe mutu anatoka na anarudi," akasema, akafagia nyumba mwenyewe kwa kupapasa. Tangu hapo akaipenda safari kama msichana. Ikawa yeye ndiye ananihimiza, na ufagio akawa anamwachia jirani, bila wasiwasi.

Mimi nikapata ugonjwa wangu. Kila nikifika navua ndala getini asinisikie, nasimama mlangoni kimya, nangoja. Na kila mara alinijua. "Ingia, acha kunipima kama unga," hunitania.

Juzi nilisimama hivyo hivyo. Mama akageuza uso, akakawia. Nikaanza kuomba Mungu kimoyomoyo.

"Ni wewe," akasema hatimaye. "Leo umevaa njano?"

Gurbaba yangu ilikuwa ya kijani kibichi, kitambaa nilichokata mwenyewe kibandani.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Njano."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kusuka. Nikaketi karibu naye, nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda Arua, taksi nimeshaiagiza.

"Vizuri," akasema. "Jirani asisumbuke safari hii. Ufagio nitaubeba."