Nilivyozunguka minada ya Karagwe na Kyerwa kutafuta CD yenye sauti ya baba

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo tutasalimiana huko chini kwenye komenti.

Hili limenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Asiyeamini afike Nyaishozi, nitamwashia spika asikilize kwa masikio yake.

Nina kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Pembeni nina ugonjwa mmoja: nanunua CD za zamani. Minadani siku hizi zinauzwa bei ya kutupa, zimechanganywa na chaja mbovu na rimoti. Nikifika nyumbani naziosha, nazirip, yaani nahamishia nyimbo zake kwenye laptop, kila kwaya na folda yake. Mke wangu anasema nimeoa CD. Sibishani naye.

Watu wanadhani ni mapenzi ya muziki tu. Kumbe nilikuwa natafuta CD moja.

Iko hivi.

Mama yangu aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Walipoamua kurekodi, wakaleta fundi na jenereta yake, kazi ikafanyika mle mle kanisani. Ulikuwa msimu wa kahawa. Nyumba yetu inapakana na kanisa, na baba alikuwa ameanika uwanja mzima.

Wimbo wa pili uko katikati, mvua ikashuka. Baba akaja mbio hadi dirishani, akapaza sauti:

"Mama Koku! Enjura! Amwani!"

Mvua! Kahawa! Anamwita mkewe wakaanue.

(Mliokulia kwenye kahawa mnajua. Wingu likitanda, hata mahubiri yanafupishwa.)

Mama hakutoka. Mafuta ya jenereta yalikuwa mchango wa kwaya nzima, angewaangushaje wenzake? Akaendelea kuimba, baba akaanua peke yake. Nyingi ililowa. Jioni mama alisubiri ugomvi, lakini baba alimwambia tu kwamba ameimba vizuri.

Ile kelele iliingia kwenye CD. Toleo la kwanza, lililoandikwa kwa maka peni, lilitoka nayo hivyo hivyo. Kijiji kizima kikambatiza baba jina la Amwani, naye akawa anaitika bila kinyongo. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeona aibu. Kwenye toleo la pili, lenye kava ya rangi, kipande chenye sauti ya baba kikakatwa.

CD yetu iliazimwa kwenye harusi. Hadi leo.

Baba akafariki. Picha tunazo, sauti hatuna. Alikuwa mtu wa kukwepa simu ukitaka kumrekodi.

Siku moja mama anamenya ndizi, akaniambia, "Mwanangu, sura ya baba yako naiona hata nikifumba macho. Sauti ndiyo inanikimbia."

Iliniuma sana wakuu. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Nimechambua marundo ya CD Nyaishozi, nikaenda Chonyonyo, nikavuka hadi Kyerwa. Kwaya ya mama nimeipata mara nyingi tu, lakini kila mara ni kava ya rangi. Naweka wimbo wa pili, nafika pale penye mvua, baba hayupo. Unarudi nyumbani huna hamu hata ya chakula.

Majuzi nimeenda Kibingo kwa shemeji yangu. Jirani yake ni mama mmoja mwenye shamba la mtama, na juu ya mtama kuna kamba ndefu imetundikwa CD zinametameta kufukuza ndege.

Nikaomba kuziangalia. Akacheka. "Mimi zinanifukuzia ndege. Wewe zitakufukuzia nini?"

Nikapita moja moja. Ya karibu na mwisho ina mwandiko wa maka peni, umefifia, lakini jina la kwaya linasomeka.

Nikamweleza ukweli wote. Yule mama akaikata mwenyewe kwenye kamba, akasema ameitundika msimu huu tu. Nilimrudishia nyingine mpya zinazong'aa zaidi. Ndege wa Kibingo mnisamehe.

Laptop ilikoroma nayo weee! Nyimbo za mwisho hazikufunguka kabisa. Lakini CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na mikwaruzo mingi ilikuwa pembeni. Wimbo wa pili ukapita, unakwama na kuendelea.

Nikampelekea mama spika uani, anamenya ndizi. Nikabonyeza.

Kwaya ikaimba. Mvua ikaanza kwenye bati. Kisha baba, kwa mbali: "Mama Koku! Enjura! Amwani!"

Mama aliweka kisu chini. Akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo.

"Siku ile sikumjibu," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Baba akaita.

"Nakuja, Baba Koku," mama akasema. "Nakuja."

Niligeuka upande wa migomba, nikalia kama mtoto.

Nilichojifunza wakuu: unapohamisha nyimbo za zamani, usiwe na haraka ya kufuta kelele. Kikohozi, mlango, mtu anayeita nje, acha vikae. Na mzee wako aliye hai mrekodi leo, hata akigombana na kuku.

Wewe una sauti gani unayoitafuta? Na mwenye CD za kwaya zilizoandikwa kwa maka peni, kabla hujazitundika kwenye mtama, tuwasiliane inbox.

Komenti nitazisoma baadaye. Wingu limetanda, kahawa iko nje, na mama ananiita.

Nakuja.