Binamu wa Kumi na Mbili wa Attracta

Attracta Gildea hutengeneza nywele za watu majumbani mwao, huku kwetu Mayo, magharibi mwa Ayalandi, na kwa miaka sita sasa amekuwa akiua binamu zake. Binamu wenyewe hawapo, ni wa kubuni tu. Lakini huku ukionekana barabarani lazima useme unakwenda wapi, na safari pekee isiyohojiwa ni ya mazishini.

Mimi nilikuwa abiria wake wa kumi na mbili, kila abiria na binamu wake. Daktari wa kijijini kwetu hatoi mimba, na sheria inamruhusu kukataa. Hiyo ni haki yake. Haki yangu mimi iko kilomita mia moja na kumi kutoka hapa, na basi hupita mara mbili kwa wiki.

Jumatatu nilizungumza kwa simu na daktari wa mjini. Aliniuliza kila kitu, nikamjibu kila kitu. Kisha akaniambia sheria inanitaka nisubiri siku tatu, nifikirie. Nifikirie nini? Nina watoto watatu, mume wangu yuko kazini Skotilandi, na tulishakubaliana. Na baada ya kufikiria, niende mwenyewe nikachukue vidonge kwa mkono wangu. Ng'ambo, kwa Waingereza, tarishi huvitumbukiza mlangoni pamoja na bili ya umeme! Jumamosi ningetimiza wiki tisa, na wiki tisa zikitimia daktari wa kawaida hatoi tena. Unapelekwa hospitali kubwa. Watoto ningemwachia nani? Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa saa sita mchana, au basi tena.

Attracta akatangaza kwamba binamu yake Malachy amefariki Sligo, kaunti jirani. Hapo alikosea. Redio yetu hutangaza vifo kila asubuhi na jioni, na hutangaza mpaka vya Sligo.

Ijumaa nilipotoka na koti jeusi la kuazima, Bi Concepta, jirani yangu wa miaka sabini na minne asiyekosa rozari wala tangazo la kifo, alikuwa amesimama kando ya gari la Attracta. Alikuwa ameshika sinia la mikate ya mayai na kadi ya misa, ile wapewayo wafiwa kwamba marehemu wao ataombewa.

“Pole na msiba, mwanangu,” alimwambia Attracta. “Sogeza hizo taulo nikae.”

“Bi Concepta, ni mbali, utachoka bure.”

“Nimechoka nimekwambia? Washa gari.”

Huku kwetu hakuna anayemnyima mtu lifti ya mazishini. Tukaondoka. Nilikaa mbele na hasira zangu, nikihesabu saa. Tukafika njia panda: kushoto Sligo, kulia mjini. Attracta akasimamisha gari.

“Mbona tumesimama?” Bi Concepta akauliza.

Nikashindwa kuvumilia. “Hakuna maiti, Bi Concepta! Nakwenda kutoa mimba. Ukitaka kushuka, shuka.”

“Najua hakuna maiti. Redio haikumtaja huyo Malachy jana jioni wala leo asubuhi.” Akafunua sinia. “Na kama mimi nimesikia, kijiji kizima kimesikia. Mkienda wawili, watasema. Wakiniona na mimi ndani na kadi yangu, watasema redio imesahau. Kata kulia, Attracta, binti huyu asichelewe.”

Nikalia, na si kwa shukrani tu, bali kwa hasira pia. Bibi kizee mwenye goti bovu alikuwa amevaa nguo za msiba ili mimi nipate dawa.

Daktari aliniuliza maswali yale yale ya Jumatatu. Nikampa majibu yale yale. Dakika saba. Akanipa kipakiti kinachoenea kiganjani.

“Ndiyo hiki tu?” nikauliza.

“Ndiyo hicho tu,” akasema, na angalau aliona haya.

Garini Bi Concepta alinipa mkate, kisha akamkabidhi Attracta ile kadi. Mahali pa jina la marehemu palikuwa patupu.

“Iweke. Una mwingine lini?”

“Jumanne. Wiki tisa zake zinatimia Jumatano.”

“Basi binamu huyo afie Kerry,” alisema Bi Concepta. “Redio yetu haifiki huko. Na mje mnichukue mapema, goti hili halitaki haraka.”